Geti la Agosti

Siku ile mjinga alikuwa Thrasos. Tulimalize hilo mapema, tusije tukapoteza muda kumtafuta mwingine, maana kisiwa chetu hakina uhaba wa wajinga, na Jumapili ile ya mwisho kabla ya Kwaresima walikuwa wamejazana vichochoroni wamevaa ngozi za kondoo, kengele za mbuzi zikiwaning'inia viunoni. Lakini hao walikuwa wajinga wa kuigiza. Wa kweli alikuwa mmoja tu, amesimama mlangoni kwake, nywele kazichana vizuri, na hakuwa na kinyago.

Mambo yalianza Ijumaa, aliposhuka kwenye feri.

Alikuwa amezoea kushuka bandari ya kusini, ile yenye mikahawa na wanawake wanaoshika vibao vya vyumba vya kupangisha, kwa sababu tangu alipokuwa mtu mzima alikuja kwetu Agosti tu. Agosti upepo hutoka kaskazini, bandari ya kusini hutulia kama maji ya beseni, na binamu yake huja kumpokea na gari. Lakini hii ilikuwa Machi. Machi upepo hugeuka ukatoka kusini, ukaja umebeba vumbi jekundu la majangwa ya Afrika na kulimwaga juu ya nguo zetu zilizoanikwa, na feri hulazimika kuzunguka kisiwa na kujibanza kwenye gati dogo la kaskazini. Huko hakuna gari wala mkahawa. Kuna kanisa dogo, makaburi, na njia ya miguu inayopanda ndani ya korongo mpaka Hora, kijiji chetu.

"Gari liko wapi?" Thrasos alimuuliza baharia aliyekuwa akimtupia sanduku.

"Gari la nini?"

"La kunipandisha juu."

"Weka mguu wa kulia, halafu wa kushoto," baharia akasema. "Litawaka lenyewe."

Feri ikaondoka, ikamwacha na sanduku lake la magurudumu katikati ya kinyesi cha mbuzi.

Tuseme ukweli, Thrasos hakuwa amekuja kutembea. Alikuwa amekaa bara, bandari ya Pireo, kwa nusu ya maisha yake, akitengeneza propela za meli za watu, na sasa karakana amemwachia binti yake. Alitaka kurudi nyumbani moja kwa moja. Ila kabla ya kuiuza nyumba ya Pireo aliona aje kwanza kukionja kisiwa kikiwa hakina watalii, aone kama kinakalika, na kubwa zaidi, aone kama watu wake watampokea. Hilo ndilo alilolitamani kuliko yote: apite kichochoroni Machi, au Novemba, mtu aliyeketi kizingitini amwite kwa jina na kumsema vibaya akishapita.

Akaanza kupanda korongo. Ndani ya korongo upepo haukumpata. Ulipita juu ya kichwa chake ukivuma, na maua mekundu ya masika yalikuwa yametulia kando ya njia. Akajisifu moyoni: njia ya baba zetu hii, waliojua walichokuwa wakifanya. Alipofika katikati, jasho linamtiririka, akakutana na ukuta wa mawe uliokatiza korongo kutoka mwamba huu hadi mwamba ule, na katikati ya ukuta geti la chuma, na kwenye geti kufuli lenye ukubwa wa mkate.

Geti lilikuwa lake.

Alilijenga Agosti iliyopita, naye alikuwa na sababu. Watalii walikuwa wakipita uani kwa marehemu baba yake wakishuka kupiga picha, wakichuma tini, wakianika mataulo kwenye kamba yake. Siku moja akakuta mtu na mkewe wamelala kwenye pembea yake, na walipoamshwa wakamwomba apunguze sauti. Akamwita mzee Nikitas, fundi wetu wa kuta za mawe, ambaye alikuwa akilitazama jiwe na jiwe lenyewe linamwambia lilale upande gani.

"Ukuta nitakujengea," Nikitas alimwambia wakati ule. "Geti weka. Kufuli usiweke."

"Geti bila kufuli la kazi gani, mzee?"

"La mbuzi."

Thrasos akacheka, akaenda akanunua kufuli. Septemba akalifunga, akapanda feri, na ufunguo akautia kwenye droo kule Pireo, pamoja na miwani ya kuogelea na krimu ya jua. Kichwani mwake geti lile lilikuwa kitu cha Agosti, kama mwavuli wa ufukweni. Hakuwahi kuwaza kwamba lingeendelea kuwa limefungwa hata yeye asipokuwepo kulitazama.

Sasa alilitazama. Akalivuta. Akalipiga teke, likamrudishia maumivu yote mguuni. Akajaribu kuupanda ukuta, lakini Nikitas hakuwa mtu wa kuacha pa kukanyagia. Thrasos akateleza, suruali ikachanika makalioni. Hapo akaanza kutukana. Alimtukana nahodha, akalitukana shirika la feri, akalitukana bara zima la Afrika kwa vumbi lake. Alimtukana kila mtu isipokuwa aliyeweka kufuli.

Ikabidi arudi nyuma mpaka pale njia inapogawanyika, apande mgongo wa kilima. Kule juu upepo ulimpokea kwa kofi. Kofia ikaenda. Gurudumu la sanduku likang'oka, akalibeba sanduku kichwani, upepo ukalitia sanduku nguvu na kumyumbisha kama mlevi kwenye ukingo ambao chini yake ni miamba na bahari. Mara mbili alitambaa kwa magoti. Na akiwa anatambaa akakumbuka kitu kidogo, kitu cha kero tu: kwamba Januari alipigiwa simu na Anezina, mke wa Nikitas. Yeye alikuwa anagombana na fundi bomba, maji yamejaa jikoni. "Mwanangu Thrasos," mama yule alianza, "lile geti lako..." na Thrasos akamkata hapo hapo: "Shangazi, mambo ya geti tutazungumza Agosti." Akakata simu akarudi kwa fundi bomba. Wazee nao, aliwaza kule kilimani, vumbi likimjaa kinywani. Wanapiga simu kwa kila kitu.

Lambis, binamu yake, alikuwa mkahawani kwake Hora anapaka rangi miguu ya viti, mgongo kaupa mlango.

"Tumefunga," akasema bila kugeuka.

"Ni mimi. Thrasos."

"Thrasos gani?"

"Kwani wako wangapi?"

"Wa Agosti namjua. Wa Machi ndiyo kwanza namsikia." Lambis akageuka, akamtazama toka nywele hadi viatu. "Umepita wapi, binamu? Unafanana na tofali."

"Juu, kilimani. Ufunguo wa geti nimeusahau Pireo."

Lambis akaweka brashi chini. Alicheka mpaka akashika kaunta, akacheka mpaka akakohoa, Thrasos akiwa amesimama pale na suruali iliyochanika, anasubiri zamu yake ya kuongea. Halafu kicheko kikakatika ghafla.

"Sisi tulipopita huko Januari hatukucheka," Lambis akasema.

"Mlipita kufuata nini?"

"Kumzika Nikitas."

Thrasos akavuta kiti, akakikalia, rangi ikamshika suruali na upande uliokuwa umebaki mzima.

"Nikitas yupi?"

"Kwani wako wangapi?"

Thrasos akafanya lile ambalo watu wa aina yake hulifanya wakiona aibu: akakasirika. Akapiga meza. Mbona hakuambiwa? Yeye ni mtu wa wapi hata asiambiwe? Nikitas alimfundisha kuogelea, na leo anapewa habari ya kifo chake kama bei ya samaki.

"Ulipigiwa simu," Lambis akasema. Hakupandisha sauti, alikuwa amechukua brashi tena na kupaka pale pale alipokwisha kupaka. "Kwenye simu hii hapa ya kaunta. Tulikuwa tumesimama wote, na nguo za msiba tumeshavaa, tunasubiri utuambie ufunguo umemwachia nani. Kaburi liko chini, njia ni korongo, korongo lina geti. Anezina akasema maneno mawili, akanyamaza, akaweka simu. Tukamuuliza, kasemaje? Akatuambia, kasema Agosti."

"Sikujua! Hakumaliza!"

"Hukumwacha."

"Si mngelivunja! Nyundo hamna kisiwa kizima?"

"Wapo waliotaka. Anezina akasema ule ukuta ni mikono ya Nikitas, haupigwi nyundo siku ya kumzika. Tukambeba juu. Upepo huo huo uliokuja nao wewe, ila wewe ulibeba sanduku tupu."

"Sanduku langu si tupu," Thrasos akasema, kwa sababu mtu aliyeshindwa huokota chochote.

Angekuwa na akili, angetoka pale akaenda moja kwa moja kwa Anezina, akapiga magoti, akalia kidogo. Ni nyumba ya tatu kutoka mkahawani. Alifika mpaka kona. Akamwona mama yule kizingitini, kavaa nyeusi toka kitambaa cha kichwa hadi soksi, anachambua dengu kwenye sinia, na miguu ikamgoma. Nitakwenda Jumatatu, akajiambia, watu wakishamaliza kelele zao. Akageuza kupitia kichochoro cha nyuma.

Na huko kichochoroni hofu nyingine ikamshika, ya aibu zaidi. Jumapili ni siku ya vinyago. Wenyeji mnalijua hili, lakini kwa yule asiyejua: siku ile watu hujifunika nyuso, wanazunguka mlango kwa mlango, wanaigiza kila ujinga uliofanyika kisiwani mwaka mzima, mbele ya nyumba ya aliyeufanya. Hakuna kununa. Anayetaniwa anafungua mlango, anacheka kwa mdomo hata kama moyoni anatokota, na anamimina mvinyo. Thrasos aliliona igizo lake kana kwamba limekwisha kuchezwa: jeneza la maboksi, geti la fito, na mtu mnene mwenye simu sikioni anasema Agosti, Agosti, Agosti. Hivyo ndivyo angeanza kuishi kwao? Watoto wangemwita Agosti mpaka siku ya kuzikwa kwake.

Basi Jumamosi akarudi mkahawani, safari hii amevaa koti.

"Nasikia mnaandaa maigizo," alimwambia Lambis mbele ya watu, maana meya alikuwepo na Padri Yakumis alikuwepo. "Nawaambia mapema. Geti langu silitaki humo. Jina langu silitaki humo. Kila mtu ana heshima yake, na mimi nina wakili."

Padri akatazama kikombe chake. Meya akatazama dirisha.

"Una wakili," Lambis akasema taratibu.

"Ninaye."

"Basi vizuri, bwana. Imesikika."

Thrasos akatoka amejaa furaha. Hakuligundua lile neno "bwana". Binamu yake alikuwa amemwita punda, amemwita kichwa cha pweza, siku moja harusini alimwita jina lililomfanya padri asimamishe ngoma. Lakini bwana, hajawahi. Thrasos alidhani amewaweza.

Jumapili ikafika. Upepo ulikuwa umelegea kidogo, na kengele zilisikika tangu juu ya Hora zikishuka kichochoro baada ya kichochoro. Thrasos akaweka chupa ya mvinyo na glasi karibu na mlango, kwa adabu tu, akasimama kizingitini kutazama wenzake wakiumia.

Walianza na Padri Yakumis, ambaye simu yake ililia katikati ya ibada ya Noeli, tena kwa wimbo wa kuchezea kiuno. Mwigizaji wake alikuwa na ndevu za sufu mbichi, anafukiza ubani kwa mfuniko wa sufuria, na kila alipoinua mikono kubariki, ndevu zililia na nyonga zikajibu. Padri mwenyewe alicheka mpaka masikio yakawa mekundu, akamimina.

Akafuata meya. Meya alizindua bomba jipya kwa utepe na hotuba, akafungua, bomba likatoa upepo na buibui. Sitaeleza bomba lile waigizaji walilifunga wapi mwilini. Mke wa meya alilazimika kukaa chini.

Halafu Marijke, yule Mholanzi anayeishi kwenye nyumba ya zamani ya mwalimu, na hakuja kwa msimu mmoja. Amekaa nasi baridi kwa baridi mpaka tumeacha kushangaa. Alipanda maua ya kwao, mbuzi wa meya wakayala yote kwa mlo mmoja, naye akawakimbiza kijiji kizima akitukana kwa maneno aliyofundishwa na wavuvi, bila kujua maana yake. Mwigizaji wake alivaa wigi la kamba ya manjano na kutukana kwa lafudhi yake barabara, mbele ya padri, na Marijke akawa anamsahihisha: "Hapana, lile la mama yao nililisema kwanza."

Thrasos alicheka. Machozi yalimtoka. Na katika kicheko kile, kwa dakika moja hivi, alikuwa nyumbani.

Kisha wakafika mlangoni kwake.

Kengele zikanyamaza. Hazikunyamaza zenyewe, kila mtu alizishika kwa mkono zisilie, kama tunavyofanya tukipita penye mgonjwa. Vinyago vikavuliwa. Nyuma ya vinyago kulikuwa na nyuso za watu anaowajua tangu utoto, na zote zilikuwa zinatabasamu, tabasamu lile la bandarini, la kupokelea watalii. Lambis akasogea mbele na sinia. Juu ya sinia kulikuwa na kitambaa cheupe, bakuli la maganda ya machungwa yaliyopikwa kwa sukari, kijiko kimoja, na glasi ya maji baridi. Ndivyo tunavyompokea mtu tusiyemjua.

"Karibu sana kisiwani kwetu, bwana," Lambis akasema, kwa sauti anayowawekea Wajerumani. "Umechagua kipindi kizuri. Hakuna joto, hakuna msongamano. Umeyapenda mandhari?"

"Lambis, acha upuuzi."

"Maji ni ya chupa. Usihofu tumbo."

"Nimesema acha."

"Ukihitaji mtu wa kukutembeza, utuulize. Tuna kanisa zuri sana upande wa kaskazini. Kulifikia tu ndiyo kidogo kazi."

Sinia lilikuwa bado limenyooshwa, jua linang'aa kwenye kijiko. Na Thrasos, aliyekesha akiogopa kuchekwa, akafungua kinywa, na hakujua mwenyewe atasema nini.

"Nitanieni!" akafoka.

Lambis akamsogezea sinia karibu zaidi.

"Nitanieni, basi! Nina geti! Nimefungiwa nje na geti langu mwenyewe, nimepasua suruali kwenye ukuta wangu mwenyewe, sanduku limevunjika mguu! Mnataka niwafanyie nini zaidi? Nimewapa kila kitu!"

"Geti lipi?" meya akamuuliza mwenzake. "Wewe unajua geti?"

"Mimi sijui geti," mwenzake akasema. "Nasikia kuna wakili."

"Wakili hayupo! Nilidanganya!" Thrasos akalipiga sinia kwa kiganja, glasi ikaanguka, maji yakamwagikia viatu vya Lambis, na Lambis hakusogeza mguu. "Baba yangu alichimba kisima mnachonywea! Mimi nimezaliwa humu ndani, kwenye kitanda kile pale! Hata Mholanzi mmemtania. Mholanzi! Na mimi mnaniletea kijiko cha sukari?"

Marijke akapenya mbele. Ni mwanamke mrefu, na alipokasirika Kigiriki chake kilinyooka.

"Mimi nilibeba," akasema. "Nyuma, upande wa kulia. Upepo ulipotupiga pale juu, padri aliteleza, uzito wote ukaja kwangu. Bega hili mpaka leo sichani nywele nalo. Lako lilikuwa wapi?"

Thrasos alimtazama Mholanzi, akamtazama padri, na padri akainamisha kichwa kukubali kwamba aliteleza. Akageuka akaingia bandani kwa baba yake, tukasikia makopo yanaanguka, akatoka na mtaimbo.

Watu wakampisha. Alikuwa ameiva uso. Akapita katikati yetu, akashuka uani, akapita mtini, akaingia korongoni, nasi nyuma yake, kengele mikononi, ngozi za kondoo zikitutoa jasho. Hakuna aliyesema amzuie, na hakuna aliyesema amsaidie.

Alianza na kufuli. Alilipiga kama mtu anayeua nyoka. Kila pigo alilisindikiza na tusi, na safari hii matusi yote yalikuwa yake: pumbavu wewe, bahili wewe, mtu wa krimu ya jua wewe. Kufuli likashikilia. Alilinunua zuri, hakubania. Akatia ncha ya mtaimbo kwenye bawaba, akajitupa kwa uzito wake wote, na chuma kikalia kwa sauti iliyotufanya tukaze meno. Bawaba ikang'oka, kisha ya pili, geti zima likainama, likamwangukia, akalipokea kwa kifua na kulisukuma, likabiringika miambani kwa kishindo kirefu. Mikono yake ilikuwa inatoka damu. Akatugeukia akihema.

"Haya!" akasema. "Njia hiyo hapo. Mmeridhika?"

Alikuwa anasubiri kitu. Labda shangwe. Labda Lambis amwite kichwa cha pweza. Kengele moja ilimponyoka mtu mkononi, ikalia kidogo, ikashikwa tena.

Lakini sisi hatukuwa tunamtazama yeye. Tulikuwa tunatazama nyuma yake, upande wa chini, ambako Anezina alikuwa anapanda kutoka makaburini, chupa ya mafuta ya kutilia taa ya kaburini mkononi. Huenda huko kila siku, kwa kilima huenda na kwa kilima hurudi. Kishindo kilikuwa kimemsimamisha pale njia inapogawanyika. Akaja taratibu mpaka kwenye uwazi, hakuuvuka. Akaweka kiganja kwenye ukuta, pale bawaba zilipokuwa, akabonyeza.

"Jiwe hili umelilegeza," akasema.

"Nitalirudishia, shangazi."

"Wewe?"

Thrasos akafuta damu kwenye koti lake zuri. Hasira ilikuwa bado ipo, lakini haikuwa na mtu wa kumwendea tena.

"Sikujua, shangazi Anezina. Haki ya Mungu sikujua. Ungeniambia kwamba ni Nikitas."

"Nilikuwa naanza kukuambia."

"Basi pita. Iko wazi, tazama. Hakuna upepo humu. Pita, mama yangu."

Anezina akainua macho, akautazama umati uliokuwa juu, padri na meya na Mholanzi na wigi la kamba, watu wazima waliovaa kondoo. Akamrudishia Thrasos macho. Hakuwa na chozi. Alikuwa na uso ule ule aliokuwa nao siku ile kwenye simu ya kaunta, na sisi tuliokuwepo tuliutambua.

"Hawa wamekataa kunitania," Thrasos akasema. "Basi nitukane wewe. Nipige ukitaka, huu hapa mtaimbo. Ila tusiachane hivi. Mimi nimerudi, shangazi. Nimerudi moja kwa moja. Tuzungumze."

Anezina alikuwa amekwisha kugeuka, anakaza kitambaa chake chini ya kidevu, uso ukiuelekea mgongo wa kilima ambako upepo ulikuwa umeanza kuamka tena.

"Agosti, bwana," akasema. "Tutazungumza Agosti."